Saa za Mchana za Watoto wa Bonde: Vilabu vya Malihai Kati ya Mikumi na Udzungwa

Ukitoka Mikumi mjini ukaiacha barabara kuu ya Iringa na kushika ile ya Kidatu, milima ya Vidunda inakaa mkono wa kulia na miwa inaanza kukufuata pande zote. Kidodi iko katika ukanda huu wa wilaya ya Kilosa, kabla ya Mto Ruaha Mkuu. Nyuma yake ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Mbele yake, ng'ambo ya mto, inasimama misitu ya Udzungwa. Watoto wanaokulia hapa wamezungukwa na wanyama ambao watu wengine huvuka bahari kuja kuwatazama, na bado wengi wao humaliza darasa la saba bila kuwahi kuingia hifadhini kama wageni.

Historia ya vilabu vya Malihai inaanzia kwenye pengo hilo. Vilianzishwa Tanzania mwaka 1980, makao yake makuu yakiwa Arusha, ili wanafunzi wa shule za msingi, sekondari na vyuo wakutane nje ya vipindi kujifunza wanyamapori, misitu na maji ya nchi yao. Katika kumbukumbu za taasisi kama hii, majina ya wafadhili na wageni rasmi hutangulia. Mimi nataka kuanza na waliozibeba saa zenyewe, yaani walimu waliobaki shuleni baada ya kengele ya mwisho, na wazazi waliokubali mtoto achelewe kurudi nyumbani.

Jambo hilo la kuchelewa si dogo. Mchana wa mtoto wa bonde hili haujawahi kuwa mtupu. Kuna wadogo wa kubeba, maji ya kuchota, ndege wa kufukuza mpungani na ngedere wa kufukuza kwenye mahindi. Kwa Waislamu kuna chuo, na mwalimu wa Kurani hapendi mwanafunzi wa kuja leo na kukosa kesho. Kwa Wavidunda, wenyeji wa milima hii, ambao kama majirani zao Waluguru na Wasagara huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mafunzo ya kuwa mtu yalikuwa mikononi mwa bibi, mama na mjomba, na muda wake ulikuwa huohuo wa baada ya kazi. Shule ilipoanza kuuomba mchana, ilikuwa inaomba kitu chenye wenyewe.

Kisha likaja shamba la miwa. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianza miaka ya 1960, na katika miaka ya 1970 kikaongezwa kingine upande wa Ruembe, ndani ya Kilosa. Reli kutoka Kilosa kupitia Mikumi ikafika Kidatu. Watu wakaja kutoka Iringa, Mbeya, Songea na kwingineko, wakakata miwa, wakapata viwanja, wakaoa na kuolewa. Watoto wao walizaliwa mbali na bibi na mbali na mjomba. Naamini hapo ndipo shule ilipoanza kuhitajika kwa namna mpya. Baba akiwa zamu na mama akiwa sokoni au shambani, mtoto aliyeruhusiwa saa nane na nusu hakuwa na mtu mzima wa kumtazama hadi magharibi. Aliyekuwa tayari kukaa naye alikuwa anasaidia familia nzima, hata kama mwenyewe alidhani anafundisha majina ya ndege tu.

Upande wa wanyama, mambo yalikuwa yamekwishaamuliwa juu. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, Julius Nyerere alitoa mjini Arusha tamko lililoahidi kwamba Tanganyika itawalinda wanyamapori kwa ajili ya vizazi vijavyo, na kwamba itahitaji kufundisha watu wake kazi hiyo. Chuo cha wanyamapori cha Mweka kikafunguliwa 1963. Mikumi ikatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, miongoni mwa za kwanza baada ya uhuru, na mwaka 1975 ikapanuliwa. Leo ina kilometa za mraba 3,230 na imepakana na eneo kubwa la Selous, ambalo sehemu yake tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa mwanakijiji, maana ya yote hayo ilikuwa mpaka. Ng'ambo yake huwezi kuwinda, kukata mti wala kuchunga, lakini nguruwe pori na tembo hawausomi. Mtoto alimjua mnyama kwa hasara aliyoileta usiku. Hakuna aliyemweleza mtoto huyo kwa nini mnyama analindwa.

Kenya walikuwa wametangulia. Mwaka 1968 vilianzishwa huko vilabu vya wanyamapori vya wanafunzi, vikawa mfano kwa bara zima. Tanzania nayo ilikuwa na udongo wake wa kupandia wazo hilo. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilikuwa imeipa kila shule shamba, majembe na desturi ya kufanya kazi pamoja mchana. Kwa hiyo Malihai ilipofika shuleni mwaka 1980 na baadaye, haikukuta uwanja mtupu. Ilikuta watoto wanaojua kupanga zamu, kuchota maji na kumwagilia. Walichokosa ni sababu ya kufanya hivyo isiyo adhabu. Shule nyingi zilikuwa zimegeuza shamba kuwa mahali pa kupeleka wachelewaji. Klabu ikalichukua jembe lilelile na kulipa heshima nyingine, kwani aliyelishika alijiandikisha kwa hiari yake.

Klabu yenyewe haina makuu. Wanafunzi hujiandikisha, huchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina wao, na shule humteua mwalimu mmoja kuwa mlezi. Wanakutana mchana mara moja kwa juma au zaidi, kadiri ratiba inavyoruhusu. Kazi kubwa ya mwaka ni kitalu cha miche. Viriba hujazwa udongo na samadi, mbegu huoteshwa, na zamu ya kumwagilia inapangwa hadi likizo, maana mche haujui kuwa shule imefungwa. Masika yakikolea, miche hutoka kitaluni. Aprili mosi ni Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, na Juni 5 ni Siku ya Mazingira Duniani, na klabu hai huonekana siku hizo mbili kwa ngonjera, igizo, kwaya na mashimo yaliyochimbwa kwa mpango. Siku nyingine kuna mada, mashindano ya chemshabongo, michoro ukutani. Ikipatikana picha ya sinema kutoka hifadhini, kijiji kizima hukaa chini kutazama, na hapo mkulima humwona simba akinyonyesha kwa mara ya kwanza badala ya kusikia tu habari zake.

Katika igizo ndiko nguvu ya klabu iliko, kwa maoni yangu. Mtoto hawezi kumwambia baba yake kuwa nyama iliyoko chunguni imetoka mahali pasiporuhusiwa. Adabu haimruhusu. Lakini akivaa koti kuukuu, akajifanya jangili mbele ya wazazi wote siku ya kufunga shule, watu hucheka, kisha hunyamaza kidogo, na mazungumzo yanaendelea nyumbani bila mtu kuvunjiwa heshima. Walezi wazuri walilijua hilo mapema. Waliwaacha watoto watunge wenyewe, kwa lugha ya mtaani kwao na kwa visa vya kwao.

Mlezi hakulipwa kwa kazi hiyo. Hili linapaswa kuandikwa waziwazi katika kumbukumbu yoyote ya Malihai, kwa sababu ndiyo gharama kubwa kuliko zote na haimo katika hesabu za mfadhili yeyote. Mwalimu wa shule ya kijijini ana darasa la wanafunzi wengi mno, ana madaftari ya kusahihisha, ana shamba lake mwenyewe la kuziba pengo la mshahara. Akibaki shuleni hadi saa kumi na nusu, amekopesha sehemu ya chakula cha familia yake. Na akihamishwa, mara nyingi klabu hufa. Daftari la wanachama hubaki kabatini, kitalu kinaota magugu, halafu miaka miwili au mitatu baadaye anakuja mwalimu mwingine kijana anayeuliza kama shule haijawahi kuwa na klabu. Hivyo umri wa vilabu hivi hauhesabiki kwa mstari ulionyooka. Kuna shule zilizovianzisha upya tena na tena.

Vile vilivyodumu vilikuwa na kijiji nyuma yake, na mara nyingi msaada wenyewe ulikuwa chakula. Mtoto aliyekunywa chai ya rangi alfajiri na kutembea kilometa kadhaa hawezi kubaki shuleni mchana kwa njaa. Akienda nyumbani kula, harudi. Shule ambako wazazi walikubaliana kuchangia debe la mahindi na maharage, mama mmoja akapika makande au uji kwa zamu, ziliweza kuwa na klabu, timu ya mpira, masomo ya jioni na kwaya. Shule zisizokuwa na chungu zilikuwa na klabu ya jina. Viongozi wengi wa miradi walikuja na vitabu vya picha nzuri vya wanyama, wakashangaa mahudhurio kuwa machache. Wangeuliza kuhusu chakula cha mchana, wangepata jibu mapema.

Wasichana walihitaji zaidi ya chungu. Kwao kubaki shuleni mchana kulimaanisha kuni na maji kuwasubiri, na njia ya kurudi ikianza kuwa na giza. Klabu zilizowabakiza ziliwabakiza kwa makubaliano. Mlezi alikwenda nyumbani, akabisha hodi, akakaa kwenye mkeka, akaeleza ni siku zipi na saa ngapi, na nani atarudi na nani njiani. Mzazi aliyeheshimiwa hivyo alikuwa tayari kumpangia kazi kaka siku hiyo.

Miaka ya kwanza ya Malihai ilikuwa miaka ya bunduki. Selous ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 110,000 mwaka 1976. Kufikia 1989 walikuwa wamebaki kama 30,000. Mwaka huo serikali ikafanya Operesheni Uhai dhidi ya ujangili, jeshi na polisi wakishirikiana na askari wa wanyamapori, na dunia ikapiga marufuku biashara ya pembe za ndovu. Vijiji vilivyopakana na mbuga viliishi kati ya pande mbili. Majangili walihitaji wapagazi na waonyesha njia, dola nayo ilitaka taarifa. Katika hali hiyo, klabu ya wanafunzi ingeweza kwa urahisi kugeuzwa kuwa masikio ya askari, na mahali popote ambapo wazazi waliishuku hivyo walikuwa na haki ya kuwaondoa watoto wao. Heshima ya klabu ilitokana na kukataa kazi hiyo. Ilifundisha, haikuchongea.

Mabadiliko makubwa ya uhusiano na hifadhi yalikuja TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilipoanzisha idara ya ujirani mwema. Majaribio yalifanyika upande wa Serengeti kuanzia 1988, kisha mpango ukasambaa kwenye hifadhi nyingine. Kanuni yake ilikuwa kwamba kijiji kinachagua mradi wake, mathalani darasa, zahanati au nyumba ya mwalimu, kinachangia sehemu yake, kwa kawaida si chini ya asilimia 30, na hifadhi inatoa zilizobaki. Mchango wa kijiji ulikuwa mawe, mchanga, matofali ya kuchoma na nguvu za watu. Nyumba ya mwalimu, ambayo haionekani kuwa na uhusiano wowote na wanyama, ndiyo iliyosaidia vilabu kuliko miradi mingi iliyobeba jina la mazingira. Mwalimu anayelala hatua chache kutoka shuleni anaweza kubaki na watoto mchana bila kuwaza safari ya kurudi kwake.

Mikumi yenyewe ilikuwa na sifa ya pekee miongoni mwa hifadhi. Iko karibu na Dar es Salaam na Morogoro, barabara kuu inapita ndani yake, na makao yake makuu yalijengewa hosteli ya vijana ili wanafunzi walale kwa gharama ndogo. Tangu miaka ya 1970 watafiti waliwafuatilia nyani wa njano pale kwa miaka mingi mfululizo, hata Mikumi ikajulikana katika vyuo vya mbali kwa makundi ya nyani wa aina ileile iliyokuwa ikiiba mahindi ya watu wa hapa. Wanafunzi wa vyuo vikuu na wa shule za mijini waliitumia hosteli ile sana. Watoto wa vijiji jirani waliitumia kidogo zaidi, kwa sababu ya usafiri. Kiingilio cha mwanafunzi Mtanzania ni kidogo. Gari la kumpeleka na kumrudisha ndilo ghali.

Upande wa pili wa mto, Udzungwa ilitangazwa hifadhi mwaka 1992, kilometa za mraba 1,990, nyingi zikiwa msitu. Mwaka uliotangulia, Dar es Salaam, kikundi kidogo cha wanafunzi wa sekondari kilikuwa kimekutana barazani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, na kuanzisha Roots & Shoots, ambayo sasa ina vikundi katika nchi nyingi duniani. Vilabu vya shule vikapata mwenza. Katika shule kadhaa mlezi alikuwa mmoja, watoto walewale, na daftari mbili. Sioni ubaya. Kilichohitajika kilikuwa mtu mzima mmoja na siku moja ya juma. Mwaka 2006, Mang'ula, chini ya milima hiyo, kikafunguliwa kituo cha kufuatilia ikolojia ya Udzungwa kwa ushirikiano wa TANAPA na makumbusho ya sayansi ya Trento, Italia, na elimu ya mazingira kwa shule za vijiji vya kando ya msitu ikawa sehemu ya kazi zake. Kwa wanafunzi wa huko somo lilikuwa na mwili. Mbega mwekundu wa Udzungwa hapatikani duniani nje ya milima hiyo na misitu ya jirani. Ngolaga wa Sanje alitambuliwa na sayansi mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walikuwa wakimwita kwa jina lake muda wote huo, na ni jina walilowapa watafiti.

Mwaka 2011 kina mama waliokuwa wakiruhusiwa kuokota kuni ndani ya Udzungwa kwa siku maalumu walizuiwa. Uamuzi huo uliwaumiza wanawake, na haifai kuupamba. Lakini ndipo kitalu cha shule kilipopata maana ambayo igizo lolote lisingeweza kukipa. Mti wa kuni uliopandwa mpakani mwa shamba, jiko banifu la udongo ambalo mtoto ameona likijengwa na anaweza kumsaidia mama kulijenga, vilikuwa majibu madogo kwa tatizo la kila siku jikoni. Klabu iliyojihusisha na kuni za mama ilipata wazazi kwenye mikutano yake.

Miwa nayo ina sehemu yake katika hadithi hii, nzuri na mbaya. Kiwanda kilipobinafsishwa mwaka 1998, wakulima wa nje, yaani wanavijiji wanaolima miwa yao na kukiuzia kiwanda, wakaongezeka sana, na vyama vyao, cha Kilombero na cha Ruembe vikiwa vikubwa vya mwanzo, vikawa na sauti. Makato madogo kwa tani ya miwa yalisaidia shughuli za vijiji, madarasa yakiwamo. Fedha ya namna hii ina uzito tofauti na ya mfadhili, kwa kuwa mkulima anajua imetoka kwenye miwa yake na anaweza kusimama mkutanoni kuuliza imefanya nini. Ila msimu wa kuvuna ulifungua pia vibarua kwa mtoto. Mpunga na miwa vilipohitaji mikono, klabu zilipungua watu, na mlezi mwerevu alipanga shughuli zake kubwa wakati mashamba yametulia.

Kisha tembo wakapungua tena. Hesabu ya anga ya mfumo wa Selous na Mikumi ilionyesha karibu 39,000 mwaka 2009, na 13,000 tu mwaka 2013. Kizazi cha walezi kilichokuwa kimefundisha baada ya Operesheni Uhai kikaona kazi yake ikifutwa na ujangili uliolipwa kwa fedha za mbali. Haikuwa haki kuwauliza wao kwa nini vilabu havikuzuia. Genge lenye silaha za kivita halizuiwi na ngonjera. Na ujangili ulipodhibitiwa, tembo waliorudi walifika hadi kwenye mipunga na migomba ya vijiji vya bonde. Mtoto wa klabu akajikuta akimtetea mnyama aliyemaliza chakula cha nyumbani. Walezi waliojibu vizuri waliacha hotuba za utalii wakaingia kwenye mbinu, ikiwamo uzio wa mizinga ya nyuki, uliojaribiwa Mang'ula na shirika la kuhifadhi tembo la kusini, ambapo tembo akigusa waya nyuki hutoka, na mkulima huvuna asali.

Tangu elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016, watoto wameingia shuleni kwa wingi, jambo la kushukuru. Lakini wazazi wengi walielewa kuwa michango yote imekufa, na debe la mahindi likafa nalo. Serikali ikalazimika kueleza tena na tena kwamba chakula cha mwanafunzi bado ni wajibu wa mzazi, na vijiji vikaanza kukubaliana upya, kimoja baada ya kingine. Wakati huohuo mchana ukapata mshindani mpya. Madarasa ya mitihani, la nne na la saba, sasa hukaa kwenye masomo ya ziada na kambi, na klabu huachiwa la tano na la sita. Siwalaumu wazazi wanaotaka mtoto afaulu. Nasema tu kwamba mtoto wa darasa la saba ndiye anayekaribia kuondoka shuleni, na kwa wasioendelea ndio mwaka wa mwisho ambao mtu mzima asiye ndugu yake atakaa naye mchana na kumuuliza anaonaje.

Kamati za shule katika ukanda huu zinaweza kuuandika mchana huo katika mpango wao wa mwaka, pamoja na chungu chake, siku yake na jina la mlezi wa pili atakayeshika nafasi wa kwanza akihamishwa. Na halmashauri, hifadhi na vyama vya wakulima wa miwa vina magari. Mtoto wa Kidodi anayepelekwa hospitali ya Morogoro hupita katikati ya Mikumi kwa kilometa 50 za lami, anasoma kibao cha faini za kugonga wanyama, anawaona pundamilia na twiga dirishani, na basi halisimami. Kutoka Kidodi hadi lango la hifadhi hata saa mbili hazifiki. Basi moja kwa kila shule kwa mwaka, likiondoka alfajiri na kurudi kabla ya jua kuzama, lingewafikisha watoto hawa pale ambapo wanafunzi wa mijini wamekuwa wakilala hostelini.